Kadi ya kompyuta isinunuliwe kwa kangomba

MKULIMA wa mkoa wa Lindi anaijua kangomba. Ni kile kipimo kisicho rasmi ambacho mlanguzi hukijaza korosho hadi kifurike, kisha akalipa bei anayoitaka yeye. Anayeumia ni mwenye korosho.

Biashara ya kompyuta nayo ina kangomba yake. Inaitwa GB.

Makala haya yanawahusu wale ambao, baada ya minada ya ufuta au korosho, hutenga sehemu ya mapato wakafungua steshenari, studio ya picha au kazi ya kuhariri video za harusi, kuanzia Somanga na Kilwa Masoko hadi Lindi mjini. Kifaa kinachowachanganya wengi wao ni kadi ya grafiki. Hiki ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kutengeneza picha tunazoziona kwenye kioo na kusaidia kazi nzito za picha na video.

Yaliyotukuta

Mwaka 2019 nilimsindikiza shemeji yangu Dar es Salaam kununua kadi hiyo. Alikuwa ameuza ufuta, naye alichoka kusubiri saa nyingi kompyuta imalize video moja ya harusi. Dukani aliuliza swali moja tu: ina GB ngapi? Akajibiwa kuwa ni GT 1030 yenye GB 2. Akalipa. Mimi, ninayewahimiza wakulima kila msimu wajue daraja la mazao yao kabla ya mnada, nilikaa kimya.

Tuliporudi Kilwa Masoko, video ilichukua muda uleule. Kurudi dukani ni safari ya takriban kilomita 300, na muuzaji hakuwa amedanganya. Jina lilikuwa sahihi na GB zilikuwa sahihi. Sisi ndio hatukujua la kuuliza.

Jina moja, mali mbili

GT 1030 ilitoka mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lilelile na GB 2 zilezile, ila memori yake ni DDR4, ambayo ni ya polepole. Shemeji aliuziwa hiyo ya pili.

Tofauti yake hupatikana kwa hesabu ya darasani. Chukua upana wa njia ya memori kwa biti, zidisha kwa kasi yake, kisha gawanya kwa 8. Kadi zote mbili zina njia ya biti 64. Ya GDDR5 ina kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde, hivyo hupitisha gigabaiti 48 kila sekunde. Ya DDR4 ina kasi ya 2.1, hivyo hupitisha 16.8 tu. Ni karibu theluthi moja ya mwenzake.

GB ni ukubwa wa ghala. Upana na kasi ni mlango wa ghala. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba litachelewesha mzigo hata ukiongeza wapagazi.

Kwa kulinganisha, GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 ina GB 4, njia ya biti 128, na hupitisha gigabaiti 112 kwa sekunde. GTX 1650 ya mwaka 2019 yenye GDDR5 hupitisha 128. RTX 3060 ya mwaka 2021 yenye GB 12 hupitisha 360. Hesabu hii haisemi kila kitu, kwani chipu nazo hutofautiana uwezo, lakini ni bora kuliko kutazama GB peke yake.

Kazi gani unafanya?

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa zaidi. GT 1030 haina kabisa sehemu ya kufungasha video, yaani kuigeuza iwe faili la kumpa mteja. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinayo. Hata kama tungepata ile ya GDDR5, kazi hiyo isingepungua muda.

Fundi mmoja wa hapo Masoko ndiye aliyetufumbua macho. Prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 zina grafiki yake ndani, na ndani yake mna sehemu hiyo ya kufungasha video. Kompyuta ya shemeji ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ila haikuwa imewashwa kwenye programu ya kuhariri. Kibaya zaidi, kuchomeka kadi mpya mara nyingi huizima ile ya ndani. Fundi aliichomoa kadi, akaweka mipangilio sawa, na kazi ikaanza kwenda.

Kwa hiyo mwenye steshenari ya kuchapa barua, kutoa kopi na picha za pasipoti hahitaji kadi. Mtaji wake aununulie karatasi na wino.

Umeme nao ni gharama

Tundu la kadi kwenye ubao mama wa kompyuta hutoa umeme usiozidi wati 75. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi hutosheka hapo. RTX 3060 hutumia hadi wati 170, na mtengenezaji anashauri pawa saplai ya wati 550.

Tuchukulie kadi inafanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na uniti ya Luku ni shilingi 350. Kadi ya wati 75 itakula uniti 15.6, sawa na shilingi 5,460. Ya wati 170 itakula uniti 35.36, sawa na shilingi 12,376. Kama harusi ni mbili kwa mwezi, jiulize tofauti hiyo, pamoja na bei ya kadi yenyewe, italipwa na nani.

Kabla ya kutoa fedha

Kwanza, uliza mambo matano: aina ya memori, upana wa njia, kasi, wati, na kama inafungasha video. Muuzaji akijibu GB tu, usifungue pochi.

Pili, jihadhari na bandia. Zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z imekuwa ikizitambua nyingi kati yake tangu mwaka 2018. Omba ifunguliwe mbele yako, kadi ikiwa imechomekwa.

Tatu, dai risiti yenye jina kamili la kadi pamoja na aina ya memori.

Shemeji aliiuza ile kadi kwa hasara msimu uliofuata. Siku hizi akienda dukani, mimi simsindikizi tena. Ananipigia simu akiwa ameshapata majibu yote matano.