Uelekezi katika Nyaraka Ndefu Zenye Majedwali Yaliyounganishwa na Lahajedwali

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kwenda na kurejea ndani ya waraka mrefu ulioandikwa kwa tarakilishi, hasa waraka ambao majedwali yake yameunganishwa na lahajedwali lililomo katika faili nyingine. Huenda jambo hili likaonekana kuwa la makarani na wapiga chapa, wala si la wataalamu wa lugha. Lakini tasnifu ya isimu aghalabu huwa ndefu, na ndani yake mna majedwali ya ngeli, ya viambishi, ya idadi ya maneno na ya tofauti za lahaja. Hoja ya mtafiti husimama juu ya majedwali hayo. Jedwali likisema hili na aya ikasema lile, msomaji hana budi kuyatilia shaka yote mawili.

Istilahi mbili zafaa kufafanuliwa mapema. Lahajedwali ni neno ambatani lililoundwa kwa laha na jedwali. Maana yake ni ukurasa wa safu na mistari ambao hesabu zake hujifanya zenyewe kila tarakimu inapobadilishwa. Uga ni mahali katika waraka ambapo pameandikwa agizo, nalo agizo hilo huonyesha matokeo yake kwa msomaji huku lenyewe likiwa limefichika. Nambari ya ukurasa, yaliyomo, na kiungo cha jedwali vyote ni nyuga.

2. Kupachika na kuunganisha

Programu ya kwanza ya lahajedwali kwa tarakilishi ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kutolewa mwaka 1979. Word ilitolewa mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Kwa muda kila programu ilishughulika na kazi yake: moja maneno, nyingine tarakimu. Mnamo 1990 kampuni ya Microsoft ilitoa utaratibu uitwao OLE, ambao huuwezesha waraka wa programu moja kubeba kitu kilichotengenezwa kwa programu nyingine.

Kubeba huko ni kwa namna mbili, nazo zisichanganywe. Jedwali likipachikwa, nakala yake huingia katika waraka na kukata uhusiano na faili ya asili. Likiunganishwa, waraka huhifadhi anwani ya faili ya asili pamoja na sura ya jedwali jinsi lilivyokuwa liliposomwa mara ya mwisho. Mtafiti anayeendelea kuhesabu mifano yake huhitaji namna hii ya pili, kwa kuwa masahihisho hufanywa mahali pamoja tu.

3. Jedwali ambalo utafutaji haulioni

Jedwali lililounganishwa laweza kuingia katika Word kwa umbo la kitu cha Excel, au kwa umbo la matini yenye mapambo yake. Kwa macho yaweza kufanana sana, lakini kwa uelekezi ni tofauti kabisa. La kwanza kwa hakika ni picha: neno lililomo ndani yake halipatikani kwa kutafuta, na mtu akiagiza kupelekwa kwenye jedwali linalofuata, programu hulipita kana kwamba halipo. Hupatikana tu kwa kuagiza kwenda kwenye kitu kinachofuata. La pili ni jedwali halisi la Word lililomo ndani ya uga, na maneno yake hutafutika. Mtaalamu anayetaka kuona kila mahali alipoandika kiambishi fulani atanufaika zaidi na umbo hili.

4. Njia za kupita

Njia ya kwanza ni vichwa vya sura. Kichwa kilichokolezwa wino na kukuzwa kwa mkono ni kichwa kwa msomaji, bali kwa tarakilishi ni aya kama aya nyingine. Sharti kipewe mtindo wa kichwa. Vibonye vya Ctrl, Alt na tarakimu 1 hutoa mtindo wa ngazi ya kwanza, na 2 na 3 ngazi zinazofuata. Hapo ndipo kidirisha cha uelekezi, kinachofunguliwa kwa Ctrl na F, huonyesha muundo wote wa tasnifu, na kila kichwa kikawa mlango. Ikumbukwe kwamba kichwa kilichowekwa ndani ya jedwali hakionekani katika kidirisha hicho.

Njia ya pili ni anwani za majedwali. Kila jedwali lipewe anwani kwa agizo la programu, nje ya jedwali lenyewe, ili nambari yake iwe uga. Kutokana na anwani hizo hutengenezwa orodha ya majedwali, na kila mstari wa orodha humpeleka msomaji kwenye jedwali lake, liwe picha au matini. Vivyo hivyo, maneno kama “taz. Jedwali la 14” yaandikwe kwa marejeo mtambuko. Jedwali jipya likiingizwa katikati, la 14 huwa la 15, na marejeo hufuata nyuga zinapohuishwa. Mwenye kubonyeza rejeo hilo pamoja na Ctrl hupelekwa kwenye jedwali. Alt na mshale wa kushoto humrudisha alikotoka.

Njia ya tatu ni nyuga zenyewe. F11 hupeleka kwenye uga unaofuata, na Shift na F11 kwenye uliotangulia. Alt na F9 hufunua maagizo yaliyofichika, na hapo kila kiungo cha lahajedwali huonekana kikianza kwa neno LINK, kikifuatwa na anwani ya faili. Kwa njia hii msimamizi aweza kukagua kila jedwali limetoka wapi. Katika LibreOffice Writer, F5 hufungua kidirisha kinachoorodhesha vichwa, majedwali na vitu vilivyopachikwa, kila aina peke yake.

5. Hatari za viungo

Kiungo aghalabu hushika anwani kamili ya faili. Folda ikihamishwa, au tasnifu ikipelekwa kwa mtahini bila lahajedwali lake, kiungo hukatika. Jedwali hubaki na sura ya zamani, wala hakuna alama ya kumwonya msomaji. Dawa yake ni kufungua orodha ya viungo na kuonyesha chanzo kipya.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kimya. Kiungo cha kawaida hutaja mistari na safu kwa nambari. Mtafiti akiongeza mistari mitatu juu ya jedwali la ngeli katika Excel huku waraka wa Word umefungwa, kiungo huendelea kuonyesha mahali pa zamani, na mistari mitatu ya mwisho hutoweka katika tasnifu. Jumla iliyokuwa chini haionekani tena, au huchukuliwa tarakimu nyingine badala yake. Kinga ni kulipa eneo hilo jina katika lahajedwali, na kuliandika jina hilo katika kiungo mahali pa nambari. Jina husogea pamoja na eneo lake.

Kazi inapokamilika, waraka wote uteuliwe kwa Ctrl na A, kisha F9 ihuishe nyuga, na kila aya inayotaja tarakimu ilinganishwe na jedwali lake, kwa kuwa tarakimu iliyochapwa kwa mkono katika aya haihuishwi na chochote. Baada ya hapo nakala ya mtahini ikatwe viungo kwa Ctrl, Shift na F9, hali nakala ya mtafiti ikibaki na viungo vyake. Ukataji huo hauna budi kufanywa katika nakala tu.

6. Hitimisho

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Vichwa, anwani, marejeo na majina ya maeneo ndiyo daftari la waraka mrefu, na daftari hilo huandikwa vyema tangu ukurasa wa kwanza, si katika wiki ya kukabidhi. Idara zinazofundisha mbinu za utafiti zingefanya vyema kuyatia mambo haya katika mafunzo yao, sambamba na ukusanyaji wa data na uandishi wa marejeo, maana data iliyokusanywa kwa uangalifu yaweza kuharibika katika safari fupi kutoka lahajedwali hadi ukurasa.