Kombe la Davis: mwaka ule finali haikuchezwa

Mwaka 1974, wazee wetu wanaukumbuka kwa mambo mawili: Leopards ya Zaïre kwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani, na pigano la Muhammad Ali na George Foreman mu Kinshasa. Mwaka ule ule, mu tenisi, Afrika ya Kusini ilichukua Kombe la Davis. Hadi leo ndiyo inchi moja tu ya Afrika iliyolipata. Na ililipata bila kupiga hata mpira mmoja mu finali.

Tueleze kwanza, sababu hapa Mongbwalu mtu akisema mpira ni mpira wa miguu. Mu tenisi, mara nyingi mchezaji anacheza kwa jina lake, na franga anazoshinda ni zake. Kombe la Davis ni tofauti: wanaume wanacheza kwa jina la inchi. Lilianzishwa mwaka 1900 na Dwight Davis, mwanafunzi wa Harvard, na Marekani ikaipiga Uingereza mu Boston. Redio za Kifaransa zinaliita « saladier d'argent », maana ni bakuli kubwa la feza (feza ya madini, si ya mfukoni, na si zahabu, pole kwetu). Wakati ule inchi mbili zilicheza mechi tano kwa siku tatu: nne za mmoja kwa mmoja, moja ya wawili kwa wawili. Mwenye kufikisha tatu ameshinda.

Sasa, 1974. Afrika ya Kusini ilikuwa imefukuzwa mwaka 1970 juu ya apartheid, ikarudishwa 1973, lakini ikawekwa kucheza na inchi za Amerika ya Kusini! Mu nusu finali ikatoa Italia. Upande mwingine India ikatoa Umoja wa Kisovyeti. India ilikuwa na ekipe nguvu, na ndugu wawili, Vijay na Anand Amritraj. Lakini serikali ya India ikakataa: hawatacheza na utawala unaobagua watu weusi, pamoja na Wahindi wanaoishi kule. Finali ikafutwa, kombe likapewa Afrika ya Kusini.

Mimi naona walifanya vizuri, lakini tusiseme ilikuwa rahisi. India ilikuwa imeshindwa finali moja tu, 1966, mbele ya Australia. Vijay alingoja miaka 13 kufika tena, na mu 1987 Sweden ikawapiga 5-0. Hadi leo India haijashinda kombe hilo.

Siku hizi inchi zaidi ya 150 zinaingia, na kila pambano ni mechi tatu tu mu finali. Italia imeshinda mara tatu mfululizo, 2023 hadi 2025. Ekipe nyingi za Afrika ziko mu makundi ya chini: wanakutana mji mmoja, wanamaliza kwa wiki moja. Mwezi wa sita 2018, kundi la tatu la Afrika lilichezwa hapa jirani, Nairobi Club.