Kuhara kusikokoma: nini chanzo cha maradhi ya spru?

Ndege zinazotua mjini Muscat huleta wafanyakazi wengi wanaotoka likizo India Kusini na Bangladesh. Baadhi ya wasafiri wa maeneo hayo hupatwa na kuhara kunakoendelea kwa wiki nyingi: choo kingi chenye mafuta, mwili unakonda, ulimi unauma na damu inapungua. Moja ya maradhi yanayoweza kuleta hali hiyo ni spru ya nchi za joto, ambapo utumbo mwembamba hushindwa kufyonza chakula.

Daktari William Hillary aliyaeleza maradhi yanayofanana na haya huko Barbados mwaka 1759, lakini hadi leo hakuna kijidudu kimoja kilichothibitika kuwa ndicho chanzo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mgonjwa huanza kwa kuhara kwa kawaida, kisha bakteria kama Klebsiella na E. coli huhamia utumbo mwembamba na kuweka makazi. Sumu zao huharibu ngozi ya ndani ya utumbo. Utumbo ulioharibika haufyonzi asidi foliki, na bila asidi hiyo ngozi haiwezi kujijenga upya. Maradhi yanajilisha yenyewe!

Miaka ya 1960, karibu na Vellore, India Kusini, spru ilizuka kijiji kizima kizima, jambo linaloonyesha maambukizi. Wengine husema ni maji machafu tu. Sisi hatuoni kuwa hilo linatosha, kwani Afrika nako kuna maji machafu, ilhali spru huripotiwa kwa nadra sana.

Suala hili si la wanasayansi peke yao. Kipande cha utumbo wa mgonjwa wa spru hufanana na cha mwenye siliaki, maradhi yanayochochewa na ngano. Wa siliaki huacha mkate na chapati maisha yake yote. Wa spru hutibiwa kwa tetrasaikilini na asidi foliki kwa miezi mitatu hadi sita, pamoja na vitamini B12 ikiwa imepungua. Kipimo cha damu husaidia kutambua siliaki, na cha choo hutafuta giardia, ambayo nayo huharisha muda mrefu.

Basi msomaji, ukiharisha zaidi ya wiki mbili, mweleze daktari nchi ulizokaa na muda uliokaa huko, na usianze kuacha ngano kabla ya kupimwa damu, kwani kipimo hicho kinaweza kushindwa kuonyesha siliaki.