Baraza lisilo na kengele

Ndugu msikilizaji, na wewe unayesoma mazungumzo haya gazetini kwa sababu siku yalipotangazwa betri zilikuwa zimekwisha, salaam.

Kama umewahi kusikiliza Bunge letu likiendelea, unaijua kengele. Mheshimiwa anasema, kengele ya kwanza inalia, anaharakisha. Ya pili inalia, anaomba nusu dakika ya kumalizia, ananyimwa, anakaa. Wamarekani nao wana kitu kama hicho katika Baraza lao la Wawakilishi, lenye watu 435, ambako mtu hupewa dakika tano, au hata moja tu. Lakini ukivuka ukaingia upande wa pili wa jengo lilelile, kwenye Seneti ya watu 100, kengele hakuna. Seneta akishapewa nafasi ya kusema, si rahisi kumkalisha. Atasema mpaka achoke, au mpaka kibofu kijae, na kibofu kimeamua mambo mengi katika historia ya taifa hilo kubwa.

Mchezo huo unaitwa filibasta. Neno lenyewe limetoka kwa Waholanzi, likapitia kwa Wahispania, na maana yake ya asili ni haramia. Katika miaka ya 1850 Wamarekani walilitumia kwa watu wao waliojikusanya na bunduki kwenda kuvamia nchi za Amerika ya Kati, kama William Walker, aliyejifanya rais wa Nicaragua mwaka 1856. Baadaye likahamia Seneti, kwa mtu anayeliteka baraza zima kwa ulimi wake. Jina hilo sikuwapa mimi. Walijipa wenyewe.

Utadhani wazee walioandika Katiba ya Marekani walikaa, wakatafakari, wakaona ni vyema seneta aseme bila kikomo. La hasha. Katiba haina neno hata moja juu ya filibasta. Iliingia kama panya anavyoingia jikoni, kwa mlango uliosahauliwa wazi. Mwaka 1805 Makamu wa Rais Aaron Burr, ambaye kwa cheo chake ndiye aliyeongoza vikao vya Seneti, alikuwa anaaga. Akawashauri maseneta wasafishe kanuni zao na kutupa zisizotumika. Mojawapo ilikuwa ile ambayo ingewawezesha walio wengi kukata mjadala na kupiga kura. Mwaka uliofuata ikatupwa. Sasa huyu Burr, mtaalamu wa usafi, mwaka uliotangulia alikuwa amempiga risasi na kumwua Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi hiyo, na alikuwa ameshitakiwa kwa mauaji katika majimbo mawili, ingawa hakuwahi kuhukumiwa. Ndiye aliyewapa ushauri wa kanuni.

Athari zake hazikuonekana upesi. Lakini mwaka 1917, Rais Woodrow Wilson alipotaka meli za biashara zipewe silaha dhidi ya nyambizi za Wajerumani, maseneta wachache walisema na kusema mpaka muda wa Bunge lile ukaisha. Wilson akawaka moto. Ndipo Seneti ikatunga kanuni ya kufunga mjadala, kwamba theluthi mbili wakikubali, msemaji akome. Mwaka 1975 kiwango hicho kikashushwa mpaka kura 60 kati ya 100. Ikumbuke hiyo 60, tutakutana nayo tena.

Masharti ya mchezo ni haya. Msemaji asikae. Asitoke ukumbini. Akinyamaza na kuiachia nafasi, imekwenda. Kunywa anaruhusiwa maji, au maziwa (maziwa, naam, kama mtoto). Na kwa miaka mingi hakulazimika kuzungumzia jambo lililo mezani. Mwaka 1935 Huey Long wa Louisiana alisimama kupigania kipengele ambacho kingewazuia wapinzani wake wa nyumbani wasipewe kazi za serikali. Alianza kwa kuichambua Katiba ibara kwa ibara. Ilipokwisha, akawaomba waandishi wa habari wamletee vikaratasi vya mambo ya kuzungumzia. Vilipopungua, akaingia jikoni: akaeleza namna ya kukaanga chaza, na namna ya kutengeneza mchuzi wa maji yaliyochemshiwa mboga za majani. Yote hayo yameandikwa katika kumbukumbu rasmi za taifa, kwa gharama ya mlipa kodi. Baada ya saa 15 na dakika 30, alfajiri, alikimbilia msalani, na hoja yake ikaangushwa. Mwaka 1992 Al D'Amato wa New York alisema kwa saa 15 na robo kutetea kiwanda cha mashine za taipureta jimboni kwake, na katikati ya hotuba akaimba wimbo.

Mpaka hapo unacheka, nami nacheka. Lakini mara nyingi filibasta haikutumiwa kwa chaza.

Tarehe 28 Agosti 1957, saa 2.54 usiku, Strom Thurmond wa South Carolina alisimama kuupinga muswada wa haki za raia, uliolenga kuwalinda watu weusi wasizuiwe kupiga kura. Alikuwa amejiandaa kama mwanamieleka. Siku hiyo alikwenda kukaa kwenye bafu la mvuke ili jasho limkaushe mwili, kusudi maji atakayokunywa yafyonzwe na yasitafute njia ya kutokea. Msaidizi wake alisimama na ndoo katika chumba cha pembeni, ili ikibidi mheshimiwa aweke mguu mmoja ukumbini na mwingine kwenye ndoo. Akasoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine. Akasoma Tangazo la Uhuru, lile linalosema watu wote wameumbwa sawa, na akalisoma kuzuia watu wasiwe sawa. Alikaa saa 3.12 usiku wa siku ya pili, saa 24 na dakika 18 baadaye. Muswada ukapitishwa usiku huohuo.

Thurmond alipofariki mwaka 2003, baada ya kutimiza miaka 100, ikabainika hadharani kwamba akiwa kijana alizaa binti na msichana mweusi aliyekuwa mtumishi nyumbani kwa wazazi wake. Siku ile ya ndoo, binti huyo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30. Babake alikuwa akiwatetea wale ambao katika majimbo mengi wangemzuia binti huyo asifike kwenye sanduku la kura.

Huyo angalau alishindwa. Wengine walishinda. Katika majimbo ya kusini ilikuwa desturi kundi la wazungu kumkamata mtu mweusi, kwa tuhuma au bila tuhuma, na kumnyonga mtini pasipo hakimu wala ushahidi. Chuo cha Tuskegee kilihesabu zaidi ya watu 4,700 waliouawa na makundi ya namna hiyo nchi nzima tangu 1882 hadi 1968, wengi wao weusi. Muswada wa kulifanya jambo hilo kosa la serikali kuu uliletwa kwanza mwaka 1900 na George Henry White, wakati huo mbunge pekee mweusi. Haukufika popote. Mwaka 1922 mwingine ukapita Baraza la Wawakilishi, ukauawa kwa filibasta Seneti. Mwaka 1938 maseneta wa kusini walipokezana kusema kwa majuma kadhaa mpaka wenzao wakachoka, na muswada mwingine tena ukazikwa. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022. Imepewa jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Hesabu mwenyewe kutoka 1900.

Mara moja walio wengi waliwahi kujikaza. Mwaka 1964 Sheria ya Haki za Raia ilizuiwa kwa zaidi ya miezi miwili, huku maseneta wa kusini wakipeana zamu kama walinzi wa usiku. Tarehe 10 Juni zikahitajika kura 67 kuufunga mjadala. Clair Engle wa California aliletwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa na uvimbe kwenye ubongo na hawezi kusema. Jina lake lilipoitwa, akanyanyua mkono na kuonyesha jicho lake. Kwa Kiingereza neno la bungeni la kukubali hutamkwa sawasawa na neno la jicho, basi karani akaandika kwamba amekubali. Zikapatikana kura 71. Engle alifariki mwezi uliofuata. Katika hotuba zote za siku zile, ndefu na fupi, mimi naiheshimu zaidi hiyo ya kidole.

Sasa nikwambie kilichobadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 viongozi wa Seneti waliona kuwa msemaji mmoja anakwamisha shughuli zote, wakaweka utaratibu wa njia mbili: muswada unaopingwa unawekwa kando, kazi nyingine zinaendelea. Ilionekana busara. Matokeo yake ni kwamba anayepinga hana haja tena ya kusimama, kukesha wala kukausha mwili. Anatuma taarifa tu kwamba anapinga, kisha anakwenda kula chakula cha jioni na mkewe. Muswada usiokuwa na uhakika wa kura 60 haufikishwi kwenye kura ya mwisho. Haramia hapandi melini siku hizi, anapiga simu. Na tukumbuke kuwa Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina maseneta wawili sawasawa na California yenye watu karibu milioni 39. Maseneta 41 wanatosha kukataa, na 41 hao wanaweza kuwakilisha watu wachache sana.

Vyama vyote viwili vinaapa kuwa filibasta ni nguzo ya taifa vikiwa wachache, na ni uhuni mtupu vikiwa wengi. Mwaka 2013 Democratic waliiondoa kwa majaji wengi na maofisa wa serikali. Mwaka 2017 Republican wakaiondoa kwa majaji wa Mahakama Kuu. Kila upande ulisikitika sana siku ya mwenzake.

Ndiyo maana tarehe 1 Oktoba 2025 serikali ya Marekani ilifungwa. Republican walikuwa na maseneta 53, wengi wa kutosha kwa hesabu ya kawaida, lakini bajeti ya muda ilihitaji 60. Democratic walitaka kwanza ruzuku za bima ya afya ziendelezwe. Kura ikapigwa zaidi ya mara 10, ikashindwa. Waongoza ndege wakafanya kazi bila mshahara, safari za ndege zikapunguzwa, na watu wapatao milioni 42 wanaopata msaada wa chakula wakaingia Novemba hawajui watakula nini. Rais Trump akakitaka chama chake kiifute filibasta moja kwa moja. Maseneta wake mwenyewe wakakataa, maana nao wanajua kuna siku watakuwa 47.

Miezi michache kabla, Cory Booker wa New Jersey, mtu mweusi, alisimama tarehe 31 Machi 2025 akasema kwa saa 25 na dakika 5 kuipinga serikali ya Trump, baada ya kufunga chakula kwa siku kadhaa na kuacha kunywa maji. Rekodi ya Thurmond, iliyodumu miaka 67, ikavunjwa na mtu ambaye Thurmond asingependa hata apige kura. Hotuba ile haikuzuia muswada wowote. Oktoba, serikali ikiwa imefungwa, Jeff Merkley wa Oregon naye akasema kwa zaidi ya saa 22. Serikali ilikuwa imefungwa kabla hajasimama, ikabaki imefungwa alipokaa.

Ilifunguliwa tarehe 12 Novemba, siku ya 43, baada ya maseneta 8 wa upande wa Democratic kuvuka na kura kutimia 60. Ruzuku hawakupewa. Walipewa ahadi ya kuzipigia kura, na kwa kura hiyo pia, ndugu msikilizaji, zilihitajika 60.

Hadi juma lijalo.