Mtunzi si mmiliki: Funzo la vibonzo vya miaka ya themanini

Tunapotaja “riwaya ya fulani”, sisi wasomi wa fasihi huwa tunamaanisha kwamba fulani ndiye aliyeitunga. Wakili akisikia kauli iyo hiyo atauliza: ni yake kivipi? Aliiandika, au ni mali yake? Kihusishi kidogo cha a-unganifu kimebeba maana zote mbili, na aghalabu hatujali kuzitenganisha.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi katika vibonzo vya majagina vilivyochapishwa Marekani miaka ya 1980. Najua wapo wanaodhani vibonzo ni mambo ya watoto. Nawaomba wanivumilie.

Kwa miongo mingi kampuni za vibonzo za Marekani ziliwachukulia waandishi na wachoraji kama vibarua. Unalipwa kwa ukurasa, basi. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Jagina wao akaiingizia kampuni mamilioni.

Mwaka 1986 Waingereza wawili, mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons, walianza kuchapisha Watchmen kupitia kampuni ya DC. Hadithi hiyo ilitoka katika matoleo 12 na kukamilika 1987. Majagina wake wanazeeka, wananenepa na kutilia shaka haki wanayoitetea. Mmoja wao anaua mamilioni ya watu jijini New York akidai anazuia vita vya nyuklia. Kurasa nyingi zimegawanywa katika visanduku tisa, mpangilio unaoipa hadithi mapigo kama ya saa. Toleo la tano nalo limepangwa kama kioo: ukurasa wa kwanza unaakisiwa na wa mwisho, hivyo hivyo hadi pande mbili zinapokutana katikati. Mwaka 1988 kazi hiyo ilipata tuzo ya Hugo, inayoenziwa sana katika fasihi ya kisayansi.

Sasa tuje kwenye mkataba. Uliahidi kwamba haki zingewarudia watunzi hao wawili baada ya DC kuacha kuchapisha kazi hiyo kwa muda uliotajwa. Kwa mazoea ya siku hizo, kibonzo kilikaa dukani mwezi mmoja hivi, kisha kikatoweka. Kwa hivyo walitarajia mali yao iwarudie baada ya muda mfupi. Lakini matoleo yote 12 yalikusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1987, wasomaji wakakichangamkia, na hadi leo kingali kinachapishwa. Kadiri kazi ilivyopendwa ndivyo ilivyozidi kuwaponyoka.

Hapa ndipo mwanaisimu hutega sikio. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa katika mkataba ule. Kilichobadilika ni mazingira yaliyoyapa maneno hayo maana. Laiti ungeandikwa kwa Kiswahili, ningesema kwamba watunzi walisoma “kitabu kitakapoacha kuchapishwa” ilhali kampuni ilishikilia “kitabu kikiacha kuchapishwa”. Kiambishi -po- kinatuambia jambo litatokea, tunasubiri tu wakati wake. Kiambishi -ki- hakitoi ahadi yoyote. Ni sharti, nalo sharti laweza kukosa kutimia milele.

Si kwamba hawakulipwa chochote. Mrabaha walilipwa, na Gibbons alishirikiana na waliotengeneza filamu ya Watchmen. Moore, kwa upande wake, aliachana na DC mwishoni mwa miaka ya themanini, na filamu hiyo ilipotoka 2009 alikataa jina lake litajwe. Kwake yeye, pesa halikuwa jibu la swali la umiliki.

Moore hakuwa peke yake. Jack Kirby, aliyeshiriki kuwaunda majagina wengi wa Marvel, alizozana na kampuni hiyo kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishiwa, mwaka 1987, sehemu tu ya michoro aliyoichora kwa mkono wake.

Wengine walichagua njia tofauti. Mwaka 1984 Kevin Eastman na Peter Laird walijichapishia kibonzo cha kobe wanne wanaopigana kininja. Kobe hao walipogeuka filamu na vichezeo, waliowabuni walikuwa bado ndio wamiliki. Mnamo Novemba 1988 wawili hao walikuwa miongoni mwa waliokutana Northampton, Massachusetts, kuidhinisha tamko la haki za watunzi wa vibonzo, ambalo Scott McCloud ndiye aliyeandika rasimu yake.

Kiingereza, katika istilahi yake, hutaja haki ya kunakili. Kiswahili kimekwenda moja kwa moja kwenye kiini cha mambo: hakimiliki. Basi mwandishi anayekabidhiwa mkataba asiishie kuuliza atalipwa ngapi. Aulize kazi itakuwa ya nani, hadi lini, na kwa sharti gani. Kisha atafute -ki- ilipojificha.