Karatasi ya Maabara na Habari za Damu

Mgonjwa arejeapo kutoka maabara na karatasi yake mkononi, jicho lake aghalabu hukimbilia pale palipopigwa herufi H au L, ambazo ni alama za kuonyesha kuwa kipimo fulani kimepanda juu ya kiwango cha kawaida au kimeshuka chini yake. Na akiiona alama moja tu, moyo humwenda mbio, akakesha usiku kucha akifikiri maradhi ambayo huenda hana kabisa. Naona si uungwana kumkabidhi mtu karatasi ya namna hiyo bila ya maelezo, maadamu damu iliyopimwa ni yake na siha inayosemwa humo ni yake.

Damu hupita katika kila kiungo, ikipeleka chakula na kuchukua taka, na kwa hiyo majimaji yake hubeba athari za kazi ya ini, figo na kongosho. Katika mkusanyo mmoja unaoagizwa sana na matabibu mna vipimo 14: sukari, kalisi, sodiamu, potasiamu, kloridi na bikaboneti, urea na kriatinini, ambazo hutoa habari za figo, kisha jumla ya protini, albumini, bilirubini na vimeng'enya vitatu, ambavyo hutazamwa zaidi kwa ajili ya ini, ijapokuwa kimoja hutoka pia mifupani na kingine misulini.

Kriatinini yastahili kuelezwa kwa urefu. Huzaliwa katika misuli kila siku kwa kadiri isiyobadilika sana, nayo hutoka mwilini kwa njia ya figo. Basi figo zikidhoofika, hubaki katika damu na kuongezeka. Mwaka 1886 Max Jaffe, mwanakemia wa Königsberg, alieleza kwamba kriatinini ikikutana na asidi ya pikriki katika maji yenye magadi hugeuka rangi ikaelekea wekundu, na maabara nyingi zingali zikiutumia msingi huo hata leo, baada ya kuurekebisha. Lakini kipimo hiki huchelewa kutoa onyo, kwani figo zaweza kupoteza takriban nusu ya nguvu zake na hesabu ya kriatinini ikabaki ndani ya kiwango cha kawaida. Tena mzee aliyekonda, kwa uchache wa misuli yake, aweza kupata hesabu ndogo hali figo zake zimechoka, ilhali kijana mchukuzi wa bandarini, aliyejaa misuli, akapata hesabu kubwa na figo zake zi salama salimini. Ndiyo sababu matabibu hawatosheki na hesabu tupu, bali huitia katika kanuni yenye umri na jinsia ya mgonjwa ili wakadirie figo zinachuja damu kiasi gani kwa dakika.

Na hicho kiwango cha kawaida chenyewe hupatikanaje? Hupimwa watu wengi wenye afya, kisha huwekwa mipaka inayowakusanya 95 katika kila 100, hata wale 5 waliosalia, wenye siha kama wenzao, huachwa nje kwa sababu ya hesabu tu. Lau vipimo vyote 14 visingehusiana hata kidogo, mtu mzima wa afya angekuwa na nafasi ya takriban nusu kwa nusu ya kukuta walau alama moja katika karatasi yake. Kwa hiyo alama iliyo peke yake, iliyovuka mpaka kwa kiasi kidogo, aghalabu haina uzito. Bali vimeng'enya vya ini vikipanda mara kadhaa, pamoja na bilirubini, na macho ya mgonjwa yakawa manjano, hapo hapana shaka kwamba pana jambo.

Namna damu ilivyochukuliwa nayo ina hukumu yake. Kwa kipimo cha sukari ya kufunga, mtu hukaa bila chakula kwa muda usiopungua saa 8, ila maji huruhusiwa. Na ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikathibitishwa kwa kupimwa tena, ndipo husemwa kuwa ana kisukari. Lakini chembe za damu huendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa, hivyo damu iliyosafirishwa mwendo mrefu kabla ya kutengwa yaweza kuonyesha sukari pungufu kuliko iliyokuwamo mshipani.

Potasiamu nayo imejaa ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo zikipasuka kwa kuvutwa kwa nguvu kupitia sindano, huimwaga, hesabu ikapanda kwa uwongo kupita milimoli 5.0 kwa lita. Tabibu akiona hivyo kwa mgonjwa asiye na dalili wala historia ya maradhi ya figo, huagiza damu ichukuliwe upya; na kwa kuwa potasiamu iliyopanda kwelikweli yaweza kuusimamisha moyo, hangojei kesho.