BEIT-EL-AJAIB: JUMBA LA UFALME LILILOGEUKA MAKUMBUSHO



Majahazi ya Sur yaliyokwenda Unguja kwa pepo za kaskazi yalipoikaribia bandari, jengo lililowakabili mabaharia lilikuwa Beit-el-Ajaib. Wengi wetu tumelisikia likitajwa na wazee. Historia yake yafaa kujulikana na watoto wetu.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, liwe mahali pa sherehe na mapokezi. Kuta zake ni za mawe na chokaa kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe, ila roshani zake zimebebwa na nguzo za chuma cha kusubu, na milango yake imenakshiwa kwa aya za Qur'ani Tukufu. Baadaye zikaingia taa za umeme na lifti, mambo ambayo watu wa pwani walikuwa hawajayaona.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit-el-Hukm, jirani yake, iliangamia. Beit-el-Ajaib ikasalimika, na mnara wa saa ukajengwa mbele yake. Tangu mwaka 1911 likawa afisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitumiwa na Serikali na chama, hata miaka ya 2000 likafunguliwa kuwa makumbusho, na uani mkawekwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari.

Lakini adui wa nyumba ya chokaa ni maji. Dari ikivuja, boriti huoza na ukuta hulegea. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea kwa msaada wa Oman, upande mmoja wa jumba uliporomoka na watu 2 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hapa Sur tunao mfano mwema. Jahazi la Fat-h al-Khair liliundwa hapa mwaka 1951, likauzwa ng'ambo, na mwaka 1993 wenyeji wakachangishana wakalirejesha kutoka Yemen. Nasi, kila nyumba ina sanduku lenye barua, hati na picha za Unguja, Pemba au Mombasa. Tuyaandike majina nyuma ya picha hizo maadamu wenye kuwatambua waliomo wangali hai. Hifadhi ya namna hiyo haihitaji fedha wala fundi.

Wabillahi Taufiq.